Mazishi ya Bi Shangwe

Jumatatu, 13 Machi 1967. Homa Bay

Nimefua, nimeanika, nimekwenda sokoni kutazama vizee. Zakaria, mume wangu, hunitania kwamba naenda kununua samaki na kurudi na magoti ya watu. Ni kweli. Leo nimepata mmoja, muuza mtama. Kabla ya kuketi anashika kiuno, anaitazama ardhi kwa hasira, ndipo anashuka. Nimemjaribu jikoni. Kiuno sawa. Macho bado.

Nina miaka arobaini na moja na sijawahi kuigiza mtu wa chini ya sitini. Zamani iliniuma. Nilianzia michezo ya redio Kisumu, na hata huko, nikiwa bado kijana, nilipewa sauti za nyanya. Televisheni ilipoanza Nairobi nikaitwa, nikapewa kizee tena. Siku hizi nafurahi. Wasichana wazuri hubadilishwa kila mara. Kizee anatakiwa siku zote.

Sasa ni miaka kadhaa nikiwa Bi Shangwe. Mama anayeishi kwa mwanawe mjini na kugombana na majirani, na mfereji, na mvua. Jina lake furaha, mwenyewe hafurahi. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Nashika meli hadi Kisumu, garimoshi hadi Nairobi, naigiza, narudi kwa mume wangu na watoto.

Ajabu ni kwamba sijawahi kumwona. Mchezo unakwenda hewani papo hapo, nami nimo ndani yake. Huku kwetu picha hazifiki. Homa Bay wananijua kama mke wa Mwalimu, basi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ya Bwana Kombo, mtayarishaji wetu, mtu wa Mombasa. Mwaka wa kwanza aliniambia ulimi wangu mzito, niandike kila siku uwe mwepesi. Nimeandika. Ulimi uko vilevile.

Jumatano, 15 Machi

Skripti ya Aprili imefika. Nimeisoma nimesimama pale posta.

Bi Shangwe anakufa.

Ukurasa wa mwisho sina neno hata moja. Maelezo tu. Jeneza liko wazi, kamera inasogea, uso wa marehemu unaonekana. Uso wa marehemu ni huu wangu.

Bwana Kombo ameongeza chini kwa kalamu nyekundu. Kijana anayeigiza mwanangu anakwenda ng'ambo kusoma, kwa hiyo hadithi lazima igeuke. Asante kwa kazi nzuri. Ndivyo mtu anavyoonyeshwa mlango.

Sijapika. Watoto wamekula ndizi.

Ijumaa, 17 Machi

Nimemwambia Zakaria. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu na mzee wa kanisa, haharakishi neno. Amesoma skripti yote, akaikunja vizuri.

"Hilo sanduku ni la kweli?"

Nikamwambia ni la kweli, huazimwa kwa fundi.

Akakaa. "Mimi si mtu wa kuamini chira," akasema. Baadaye sana, akiwa mlangoni: "Lakini usilale humo, Peres."

Hilo ndilo nililotaka aseme, na nikamkasirikia kwa kulisema.

Sisi ni Wakristo. Chira, ile laana ya mtu aliyevunja mwiko, tunasema ni mambo ya wazee. Lakini hakuna mtu kandokando ya ziwa hili ambaye angelala ndani ya jeneza akiwa mzima. Ukijifanya maiti unakiita kifo. Kikija kikakuta umeamka, kinatazama mwingine wa kwenda naye. Nina watoto watatu. Nimeandika hayo na sasa nataka kuyafuta.

Jumamosi, 18 Machi

Naogopa. Nikilala, naogopa nitakachokileta nyumbani. Nikikataa, kuna mwanamke Nairobi aliyeshika nafasi yangu nilipougua, anajua mistari yote. Atalala yeye, nami sitaitwa tena.

Na hata nikilala sitaitwa tena. Marehemu hana kazi mwezi wa Mei.

Kazi hii naipenda kuliko ninavyoweza kumweleza mtu. Nashukuru hakuna aliyeniuliza.

Jumapili, 26 Machi. Suna

Pasaka kwa mama mkwe wangu. Kanisa, kuku, wageni wengi. Nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Shemeji Odero hakunyamaza. Zakaria alikuwa amemwambia, na Odero hana tumbo la kuweka neno. Tunakula, akasema kwa kicheko kwamba mwezi ujao shemeji yake anazikwa Nairobi mbele ya watu wote.

Mama aliacha kula. Ni mrefu, mkavu, mjane wa siku nyingi. Amesomesha wanawe kwa kuuza tumbaku kwenye mnada wa ng'ombe Ogwedhi, akienda kwa miguu. Kazi yangu hajawahi kuiita kazi. Huiita safari zangu.

"Nyar Karungu." Ndivyo anavyoniita, binti wa Karungu, tangu siku niliyoolewa. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama."

"Utalala kwa sanduku ukiwa hai."

"Ndivyo wanavyotaka."

"Ukilala huko, usipite tena lango langu."

Hakupaza sauti. Alinawa mikono akaingia nyumbani kwake. Hakuna aliyemaliza chakula.

Nina hasira. Kwa Odero, kwa Zakaria, kwa Bwana Kombo na kalamu yake. Kwa Mama pia. Hajaona hata siku moja ninachofanya.

Jumatatu, 27 Machi. Suna

Asubuhi nilikuwa nafunga mizigo. Mama akaja kutoka upande wa mtoni, gunia mgongoni, kanga imelowa umande. Akalitua mbele yangu. Ndani kulikuwa na yago, lile tunda refu la mwegea, zito kama mguu wa mtu mzima.

"Baba yako mlimzika na nini?" akaniuliza.

Baba alipotea ziwani, Karungu, nikiwa mtoto. Mtumbwi ulirudi bila yeye. Walimtafuta hadi wakachoka, kisha wakachimba kaburi wakazika yago mahali pake, kwa sababu boma haliwezi kukaa bila kaburi la mwenyewe. Sikujua kama Mama anajua. Hatujawahi kulizungumza.

"Yago," nikasema.

"Kwa sababu hakukuwa na mwili."

"Ndiyo, Mama."

"Huyo mwanamke wenu wa Nairobi ana mwili?"

Nikafikiri. Miaka yote hii nimemkopesha wangu. "Hana."

"Basi mzikeni na hili. Na sanduku lifungwe." Akajipangusa mikono. "Mimi sikukataza kwenda. Nimekataza kulala."

Nimelibeba hadi kituo cha basi mwenyewe. Zakaria alitaka kunisaidia nikakataa.

Jumapili, 2 Aprili. Melini

Ziwa limetulia. Mkagua tiketi aliligusa gunia kwa mguu akauliza ni nini. Nikamwambia ni mwigizaji mwenzangu. Akanitazama, akapita.

Sijui nitamwambia nini Bwana Kombo. Sina hofu kama ya wiki ile, lakini ipo.

Jumanne, 4 Aprili. Nairobi

Nimemwambia. Alicheka. Alipoona sicheki akaacha.

Si mtu mbaya. Alinivutia kiti. "Dada Peres," akasema, "watu wamekaa na uso ule miaka. Wanataka kuuaga. Nikiwaonyesha mbao tupu watasema tumewadanganya."

Nikamwambia silali.

"Basi nitamweka mwingine, nimfunike shela nyepesi."

Nikamwambia hiyo ni haki yake.

Aliyeniokoa leo ni yago lenyewe. Wanaume wanne walikuwa wanafanya mazoezi ya kubeba jeneza likiwa tupu. Walikwenda nalo mbio mbio kama watu wanaohamisha kabati. Bwana Kombo akawarudisha, wakaenda vilevile. Athumani, anayeigiza jirani na rafiki yangu wa siku zote, akalichukua gunia bila kuomba ruhusa, akalilaza yago ndani, akafunga kifuniko.

Wakainua. Kitu kikabingirika ndani, kikagonga ubao. Wakasimama wote wanne. Kisha wakaanza kutembea polepole, na yule wa nyuma akavua kofia. Hakuambiwa na mtu.

Bwana Kombo aliona.

"Sawa," akasema. "Limefungwa. Sasa kamera itamtazama nani? Huyu mwanao hajui kulia. Anakwenda ng'ambo, ana furaha tele."

Amenipa hadi kesho. Nisipokuwa na jibu, ni shela.

Jumatano, 5 Aprili

Jibu lilikuja nikiwa napiga mswaki. Bi Shangwe ana dada.

Dada yake wa huko ziwani, ambaye hakuna aliyewahi kumtaja kwa sababu Bi Shangwe alimwonea haya. Amesikia habari, amepanda gari, amefika.

Nilikwenda chumba cha mavazi peke yangu. Niliacha fimbo. Niliacha nywele zile za mvi. Bi Shangwe ameinama, kwa hiyo huyu nikamnyoosha. Mwanamke aliyebeba kapu la samaki kichwani maisha yake yote, shingo haigeuki, mwili unageuka wote. Kitambaa kichwani, kanga moja, miguu mitupu. Sauti nikaishusha kifuani. Na Kiswahili nikampa kile changu, kile nilichoambiwa kila mwaka nikipunguze.

Nikatoka nje, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele.

"Hapa ndio kwa Shangwe? Mimi ni ndugu yake. Nimetoka mbali sana, nionyesheni mahali amelala."

Mpiga picha, ambaye tumefanya kazi pamoja tangu mwanzo, alinishika mkono kwa adabu. "Mama, wageni hawaruhusiwi hapa. Subiri pale nje."

Sijawahi kufurahishwa na jambo maishani kama hilo. Hata harusi yangu. Zakaria anisamehe.

Bwana Kombo alikuwa juu kwenye chumba cha vioo. Aliteremka ngazi akinitazama kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. Akanizunguka. Akasema neno moja, "Mshenzi," kwa upendo kabisa, akaketi kuandika upya ukurasa wa mwisho.

Ijumaa, 7 Aprili. Garimoshi

Nitaandika kama lilivyotokea.

Nusu ya kwanza nilikuwa Bi Shangwe. Nilimgombeza mwanangu, niligombana na Athumani, nikasema kichwa kinaniuma, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Basi. Hiyo ndiyo mara yake ya mwisho. Nyuma ya mlango ule nilikuwa navua nguo zake mbio, msichana wa mavazi akinifuta uso. Nilimpa fimbo. Nilisema "kwaheri" kwa fimbo, msichana akafikiri namwambia yeye, akaitikia.

Jeneza likaingia. Wale wanne walitembea vizuri.

Nikaingia mimi, mwingine. Nikasema maneno ya Bwana Kombo yote kama alivyoandika. Yalikuwa mazuri. Kisha nikaweka mkono juu ya kifuniko, na nikajua kilichomo ndani.

Maneno ya Kiswahili yakaisha. Hayakunipotea, yaliisha tu, kama maji ya mtungi. Nikaanza dengo, maombolezo yetu, kwa Kijaluo, yale shangazi yangu aliyomwimbia kaka yake kule Karungu wakati mchanga unagonga yago. Sikuwahi kuyaimba. Sikujua kwamba ninayo. Nikamwita kwa majina ya kujisifu aliyoyapenda, nikamuuliza kwa nini amelala majini wakati nyumbani kuna kitanda. Hakuna aliyeweza kunizuia, tuko hewani. Kijana anayeigiza mwanangu alianza kulia kikweli, akaniangukia begani, na machozi yake yakaniingia shingoni.

Sikumlilia Bi Shangwe. Nilimlilia Baba. Nilikuwa mtoto wakati ule, niliambiwa nikawaangalie wadogo zangu, na sikupata zamu ya kulia.

Tulipitiliza muda wetu. Msoma habari alikaa akitungoja na karatasi zake. Taa zikazimwa.

Bwana Kombo aliteremka. Nilidhani atanigombeza kwa Kijaluo. Akauliza, "Huyu dada mtu, jina lake nani?"

Nikasema bado sijui.

"Jua kabla ya Mei," akasema.

Nimebaki kazini. Naandika tena. Nimebaki kazini.

Leo asubuhi kabla ya garimoshi Athumani alichimba shimo nyuma ya studio, karibu na ua, tukalizika yago sawasawa. Alisali kwa dini yake, nami kwa yangu.

Jumapili, 9 Aprili. Homa Bay

Zakaria alikuwa ananificha jambo. Bwana Ratilal, mwenye duka la baiskeli hapa mjini, amenunua televisheni. Amesimamisha mti mrefu wa chuma juu ya paa, unanasa picha kutoka ng'ambo ya ghuba. Mume wangu alijua tangu Machi. Hakuniambia, aliogopa nitaogopa.

Na Alhamisi alimleta Mama kutoka Suna.

Nimemfanya Zakaria asimulie mara tatu. Duka lilijaa. Mama alipewa kiti mbele, magurudumu yananing'inia juu ya kichwa chake. Picha ilikuwa kama mtu aliyesimama ndani ya unga. Alimtazama Bi Shangwe akigombana na jirani, akauliza kizee huyu mwenye kelele ni nani. Zakaria akakohoa.

Jeneza lilipokuja Mama alishika magoti. Akaona limefungwa. "Vizuri," akasema.

Kisha nikaingia. Alisogeza kiti. "Huyu ni mtu wa Karungu." Na nilipoanza dengo, Zakaria anasema, wanawake walioko nyuma waliitikia, mmoja, kisha wote, humo dukani. Bwana Ratilal alisimama kando ya kaunta mikono kifuani. Mama hakuitikia. Alilia bila kujifuta.

Ilipokwisha alimuuliza Zakaria, "Na mke wako alikuwa wapi?"

"Ndiye yule, Mama."

Akakataa. Akasema yule ni mwanamke mwenye uchungu wake, na Peres ni mtu wa kucheka. Wakabishana hadi wanafika nyumbani. Asubuhi akarudi Suna, bado hajakubali.

Nimecheka hadi nikashika ukuta. Kisha nikaenda kukaa peke yangu kidogo nyuma ya jiko.

Jumatano, 12 Aprili

Karani wa posta, aliyekuwa dukani Alhamisi na kusikia kwamba nafanya kazi studio ile, amenipa pole kwa kufiwa na Bi Shangwe. Amesema ameumia, kwa usiku ule mmoja tu alikuwa kama nyanya yake. Nikamshukuru kwa niaba ya familia. Kisha akaniuliza kama yule dada yake ni mwigizaji mpya. Nikasema nasikia ni mpya.

Nimemwita Abigael. Hagombani na mtu. Kucheka kwake kunaanzia mabegani.

Jumamosi, 22 Aprili. Suna

Tumekuja kusaidia palizi. Mvua imenyesha vizuri mwaka huu, njugu zimeota, na magugu nayo yameota. Zakaria na Odero wako upande wa mahindi. Lango nililipita na watoto mbele. Mama alikuwa shambani tayari, hakuinuka, akanionyesha mstari wangu kwa jembe.

Tulilima muda mrefu. Udongo ulikuwa mwepesi. Niliona kwamba ananitazama, mikono, shingo, ninavyoinama. Sikufanya lolote. Nililima tu.

Mwisho wa mstari akasimama akashika kiuno.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mama."

Akatikisa kichwa. Akang'oa gugu moja, akalipiga kwenye jembe kuangusha udongo, akalitupa pembeni.

"Siku yangu ikifika, nyar Karungu, ulie wewe. Hawa wengine wanapiga kelele tu."

Ana mabinti wawili na wakaza wana watatu. Najua alichonipa. Nikamwambia nitalia.

"Lakini si karibuni," akasema.

"Si karibuni, Mama."

Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa ziwa. Tukageuka, kila mtu akashika mstari wake.